Moto Juu, Moto Chini

Nyumbani kwetu Kitumba Kiswahili ni lugha ya jikoni.
Mama hukemea kwa Kikiga, huomba kwa Kikiga,
lakini Baba akishika mwiko
lugha ya kambi hurudi, imepigwa pasi:
"Unga, mbele! Samli, ngoja amri!"
Nasi watu wazima, wenye ndevu na mikopo ya benki,
tunasimama wima kando ya meza.

Leo ni matufaha.
Sokoni Kabale huyaita epo,
na lori la Kampala limeyakataa:
mvua ya mawe ya Jumanne imeyatoboa mashavu.
"Kilo mia mbili," Mama amesema, "na karo je?"
Baba hakujibu. Ameokota sita,
ameyafuta kwenye sweta, moja baada ya jingine,
kama anayakagua kwenye gwaride.

Kumenya kwake: ganda moja refu lisilokatika,
linaloshuka hadi kwenye ndoo
likipinda kama njia ya Rubaya.
Kisu kinaingia utosini, kinazunguka,
kinautoa moyo na mbegu zake,
na pale palipokuwa na moyo
anashindilia sukari guru, mdalasini,
na siagi kiasi cha ukucha wa kidole gumba.

Unga kaukanda kwa maji ya mtungi.
Asubuhi ya huku haihitaji jokofu;
ukungu umeingia jikoni bila hodi.
"Usiubembeleze," anamwambia Akampa,
"ukizoea mikono yako utakuwa mgumu kama buti."
Anaukata miraba, analiweka tunda katikati,
anainua pembe nne, anazikutanisha juu,
anazibana.
Sasa kila moja limejifunika blanketi
kama mlinzi wa zamu ya usiku.

Hatuna jiko la umeme.
Tuna sufuria pana yenye mchanga,
sufuria ndogo ndani yake,
kifuniko cha bati, na makaa:
moto chini kidogo, moto juu zaidi.
"Ukigeuza hesabu, umepika jivu."
Kisha anachuchumaa. Haangalii saa. Ananusa.

Miaka kumi na tisa alipika haya
katika mesi ya maofisa.
Anamkumbuka meja aliyetaka maziwa juu yake,
na kapteni aliyelamba sahani akidhani haonekani.
Yeye alionja sharubati kwenye mwiko,
mara moja, mlango umefungwa,
apate kujua kama sukari imetosha.
Hili nimelijua leo tu,
kwa sababu Akampa kauliza, mdomo wazi:
"Baba, ya kambini yalikuwa matamu?"
na Baba akakuna sikio.
"Sijui. Hayakuwa ya mpishi."

Kifuniko kikainuliwa.
Harufu ikampitia Mama, ikamsahaulisha lori
kidogo, si kabisa.
Sita, ya kahawia. Moja limepasuka ubavu,
mchuzi wake umeganda kama utomvu.
Akapakua: Mama, Akampa, mimi,
na mtoto wa jirani aliyekuja kuazima chumvi
na hakuona sababu ya kuondoka.
Halafu Baba akarudi mlangoni,
kitambaa mkononi, visigino pamoja,
macho juu ya vichwa vyetu,
akingoja sahani tupu.

Mama ndiye aliyeweka kijiko chini.
Akavuta kiti. Akasema kwa Kiswahili,
ambacho sijawahi kumsikia akikitumia
isipokuwa kwa mbwa:
"Sajini Tindyebwa. Kaa."

Akakaa.
Akajichagulia lile lililopasuka,
akalipuliza, akatafuna polepole,
akitazama dirishani, kule mitini,
ambako mengine yalikuwa bado chini kwenye majani.
"Moto wa juu ulizidi," akasema.
Kisha, bila kumtazama mtu,
akasogeza sahani yake
karibu na la sita.